Mlezi wa Kilima

Kipo kitendawili nilichokitunga mwenyewe: majirani zangu ni maelfu, na hata mmoja hajui mlango wangu ulipo. Watoto wa siku hizi hawanipi mji. Wanajibu kabla sijafunga mdomo: "Mtandao, Bibi!" Haya, wamepata. Lakini kitendawili hicho kina mkia, na mkia wenyewe hauchekeshi.

Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, ni mtaalamu wa ikolojia. Alivyonieleza mimi, hiyo ni kazi ya kuangalia viumbe wanavyoishi na mahali wanapoishi, nani anamla nani, nani akiondoka nani anapata shida. Katika viumbe wote wa Mungu yeye alichagua kobe. Siku alipolitangaza hilo mezani, mjomba wake alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Miaka yote ya chuo, unakwenda kusoma kobe? Ana kurasa ngapi huyo?"

"Ana mistari mgongoni, Mjomba. Shida ni kwamba wewe hujui kusoma."

Kobe wenyewe si hawa wenye mgongo kama bakuli lililofunikwa. Hawa ni bapa, kama sahani, na gamba lao ukilibonyeza linabonyea. Ukimtisha hajifungii ndani akakusubiri uchoke. Anakimbia! Nimeona kwa macho yangu kobe akikimbia, akajisokomeza kwenye ufa wa mwamba, akatulia huko hata umvute vipi hatoki. Jike hutaga yai moja tu, halafu hungoja wee mpaka alitage jingine. Kwa hiyo ukichukua mmoja leo, pengo lake halizibiki upesi. Na wa kuwachukua wapo. Kuna watu huko mbali wanaowataka wawafuge kwenye masanduku ya vioo, sebuleni, karibu na televisheni.

Walikuwa wanaishi kwenye kilima cha mawe nyuma ya nyumba yangu. Nikisema kilima ni kilima. Vilima vyenye mawe ni vingi, na anayetaka kujua ni kipi, aendelee kutaka. Mjukuu wangu alitaka kitu kimoja: aonyeshe wako wangapi na wanazaana vipi, ili kilima kile kipewe ulinzi wa sheria kabla hawajaisha. Basi. Hakutaka gari wala jina.

Pesa za utafiti zilikuwapo, lakini zilikuwa za tembo na simba. Alipeleka maombi huku na huku, akarudishiwa maneno matamu: kazi yako ni nzuri, tunakutakia kheri. Kheri hainunui betri za kamera. Ndipo mwanangu, yule mjomba mcheshi, akaja na wazo. Yeye ana kibanda cha kutengeneza simu mjini, na hawezi kuona kitu kimefungwa asikifungue.

"Tuwaombe watu," alisema. "Si matajiri. Watu wa kawaida, kila mmoja chake kidogo."

"Nitembeze bakuli, Mjomba?"

"Bakuli la siku hizi linatembea lenyewe."

Akamfungulia ukurasa wa mchango mtandaoni. Sheria ya ukurasa ilikuwa kali kuliko ya mwenye nyumba: unataja lengo lako, unataja siku ya mwisho, na usipolifikia lengo siku hiyo, kila mtu anarudishiwa chake na wewe unabaki na picha zako. Halafu wachangiaji walipangwa ngazi. Wa chini alipata asante. Wa kati alimpa kobe mmoja jina, akatumiwa hati yenye picha yake na alama zake. Maana kila kobe aliyekamatwa alipigwa tupa kidogo pembeni mwa gamba, pengo hapa na pengo pale, kama meno ya ufunguo. Haumii, ni kama wewe kukata kucha. Hakuna wawili wenye mapengo yanayofanana.

Lo, majina! Muuguzi mmoja alimpa wake jina la Shangazi, eti kwa sababu hatabasamu hovyo. Mwingine akamwita Sipokei Simu. Dereva mmoja wa malori, mtu aliyeandika kutoka barabarani kila aliposimama kula, alimwita wake Breki. Kila wiki aliuliza: "Breki hajambo? Amekula?" Mjukuu wangu alimjibu kila mara. Alikuwa akisoma ujumbe wake kwa sauti huku mimi nikipika, tukicheka sote. Nilianza kuwapenda watu wale. Nilimwambia, "Hawa si watu wa mtandao, hawa ni ukoo."

Lakini alikuwa mwangalifu. Kila picha aliipiga juu ya kitambaa kimoja cha buluu alichokitandika juu ya mwamba, isionekane miti, isionekane kilele. Wachangiaji wakalalamika. Tuonyeshe anapolala. Tuonyeshe machweo ya huko. Akawaandikia: kobe akijulikana anapolala, hatalala tena. Wengine wakaelewa, wengine wakanyamaza, na pesa zikaanza kuchechemea. Siku ya mwisho ilikuwa inakuja na lengo bado liko mbali.

"Weka ngazi ya juu," alisema mjomba wake. "Mtu akitoa kikubwa, aje siku moja apande nawe kilimani, ashike kobe, arudi kwao ajisifu. Tuiite Mlezi wa Kilima."

"Sitaki mtu kilimani."

"Basi kilima chako kitunze bila pesa tuone."

"Mjomba, nimesema sitaki."

"Na mimi nimesikia. Nenda kawaambie kobe kwamba umeshikilia msimamo, watakupigia makofi kwa miguu yao mifupi."

Mjukuu wangu alinitazama mimi. Nikamwambia, amua wewe, mimi magoti yangu hayapandi huko. Aliuzungusha mfuniko wa kalamu. Kisha akakubali Mlezi mmoja. Mmoja tu.

Alipatikana haraka. Pesa yake peke yake ilitufikisha kwenye lengo. Mjomba alicheza humu ndani mpaka akaangusha kiti.

Mlezi akaja. Mwanamume wa makamo, mpole, viatu vyake vimelika kwa kupanda milima kweli, si vya dukani. Alinisalimia shikamoo kabla hajafika mlangoni, akanipa dawa ya kuchua magoti. Kumbe alikuwa amesoma mahali fulani kwenye ukurasa kwamba nyanya wa mtafiti ana magoti mabovu! Nani asingempenda mtu kama huyo? Nilianza kumwita "mwanangu".

"Samahani," mjukuu wangu alimwambia, "simu na kamera zinabaki hapa. Ni utaratibu wangu."

"Ningekushangaa usingefanya hivyo," akajibu, akatoa simu zote mbili mwenyewe. Mimi ndiye niliyezipokea, nikazitia kwenye kopo la sukari, nikakaza mfuniko. Wakapanda kwa njia ndefu ya kuzunguka, ile inayompoteza hata mwenyeji. Mjukuu wangu alikuwa amefikiria kila kitu.

Waliporudi walikuwa na njaa na furaha. Mgeni alikuwa amejifunza jinsi ya kumtoa kobe kwenye ufa kwa waya uliopindwa ncha, taratibu, bila kumkwaruza. Alimshika Breki kwa mikono yake. Tukala. Mjomba mtu naye alikuwapo. Nikamtegea mgeni kitendawili: "Anapakulia nyumba nzima, yeye mwenyewe hajaonja." Akafikiri, akakuna kichwa, akasema mpishi, akasema mama, akashindwa.

"Nipe mji," nikamwambia.

"Nakupa mji wangu wote, Bibi, na watu wake."

"Upawa!" nikasema, na yeye akapiga meza kwa kucheka.

Kisha nikamuuliza ile saa kubwa mkononi mwake ni ya nini. "Inahesabu mapigo ya moyo, Bibi." Akaivua, akanifunga mimi, akaangalia, akasema moyo wangu ni wa msichana. Tulicheka sote. Mjomba, anayezijua mashine mpaka matumbo yake, aliiinamia akausifu mkanda wake. Mgeni akachukua simu zake kutoka kwenye sukari, akaaga, akaenda. Alinipa mji kwa mdomo, akachukua kilima kwa mkono. Lakini siku hiyo nililala nimeshukuru.

Mjukuu wangu akarudi chuoni kupanga hesabu zake. Mvua zilipokatika akaja kuendelea na kazi. Alipanda asubuhi na begi lake, na kabla sijamaliza kuosha vyombo vya chai, nikamwona anashuka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni bila kuvua begi.

"Wamevunja nyumba zao, Bibi."

"Nani kavunja nini?"

"Nyufa. Wamezipanua kwa mtarimbo. Mwamba umebanduka vipande vipande. Nimepita ufa baada ya ufa. Ni tupu."

Nilitaka kumwambia kobe wengine watarudi. Alinizuia kwa mkono. "Ufa hauoti, Bibi. Hata akirudi, atalala wapi?"

Tulikuwa hatujajua ni nani. Tulidhani wachimba mawe, tukadhani wawindaji. Mpaka ulipofika ujumbe wa yule dereva wa malori. Alikuwa ameona tangazo la watu wa nchi ya mbali, wanauza wanyama wa kufuga. Ametuma picha. Kobe bapa juu ya gazeti, taa kali juu yake, na pembeni mwa gamba mapengo yale yale yaliyo kwenye hati yake. Ameandika maneno machache tu: "Dada, huyu si Breki wangu?"

Mjomba aliichukua ile simu akaitazama mpaka kioo kikazima chenyewe. Halafu akasema polepole, bila mzaha, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema kitu bila mzaha:

"Ile saa."

"Saa gani?"

"Ile aliyokufunga mkononi, Mama. Si mapigo ya moyo tu. Inachora kila mahali mtu alipopita. Njia yote, na kila alipochuchumaa. Mimi ninauza mikanda yake."

Tulikuwa tumemnyang'anya mgeni simu, tukamwachia saa, na mimi nikaivaa nikachekelea.

Ukurasa wa Mlezi mwenyewe mtandaoni ulikuwa umefutwa. Namba yake haipatikani. Mjukuu wangu na mjomba wake walikwenda ofisi ya wanyamapori; afisa aliwasikiliza vizuri, akawaagizia maji ya kunywa, kisha akasema saa si ushahidi, picha iko nchi nyingine, na jina mlilonalo si jina la mtu. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Basi wenyeji tulipona hivyo.

Mjukuu wangu akakaa akawaandikia wachangiaji ukweli wote. Mjomba aliogopa. "Watatutukana. Watadai chao." Hawakudai. Pesa zilimiminika! Watu waliokuwa hawajawahi kutoa walitoa, waliotoa kidogo wakatoa kikubwa, wakalia kwa maandishi. Muuguzi wa Shangazi alitoa mara mbili. Pesa ambazo kobe wazima hawakuzipata, kobe walioibwa walizipata.

"Huzuni inauzika kuliko kobe," alisema Mjomba, na sijui kama alikuwa anafurahi au anaapiza. Akafungua lengo jipya: Okoa Waliobaki. Walinzi wa kulala kilimani, kamera, kazi ya miaka, na shahada yake ndani yake. Kila kitu alichokuwa amekitamani. Na wachangiaji wote wakasema neno moja: tuonyeshe aliyebaki. Hata mmoja. Tujue kuna wa kuokoa.

Mjukuu wangu akapanda tena kutafuta. Safari hii alichelewa. Mimi nilikuwa nachambua maharage uani, nikamwona anakuja, na kabla hajafika nilijua, maana alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba yai. Akachuchumaa mbele yangu, akatazama huku na huku.

"Wapo, Bibi."

"Alhamdu… wapo wangapi?"

"Wachache. Upande wa nyuma, kwenye ufa mwembamba unaoingia chini sana. Mtarimbo haukufika. Shangazi yupo. Na kuna mtoto, Bibi, ambaye hana alama. Hatoshi hata kiganja changu."

Niliweka ungo chini. Nilikuwa nataka kupiga vigelegele. Akanishika mdomo, mimi bibi yake, kwa mkono wake wenye vumbi la mawe. "Usimwambie mtu. Wala Mjomba."

"Mjomba wako ana kosa gani?"

"Hana kosa. Alikuwa amekaa karibu na ile saa kuliko sisi sote, naye hakuona. Mimi nilifikiria kila kitu, nami sikuona. Wakijulikana wapo watafuatwa tena, na safari ijayo kutakuwa na kitu kingine tusichokiona."

Mjomba alifika jioni hiyo na mkate na matumaini. Hata hakukaa.

"Umepata?"

"Sijapata."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mjomba."

Alizunguka chumba. Akasimama. "Sikiliza. Weka picha ya zamani. Nani atajua? Kitambaa ni kile kile. Walinzi wakishapanda, si utatafuta kwa nafasi?"

"Huo ni uongo."

"Ni uongo wa kuwasaidia!"

"Sitawadanganya watu walioniamini," akasema, ananitazama mimi, na mimi nikautazama mkate. Kinywa changu kilijaa maneno kama kinywa cha mtu mwenye jino bovu. Yule ni mwanangu wa kumzaa, amesimama mbele yangu anaumia kwa kitu ambacho jibu lake ninalo, na nikanyamaza.

Mjukuu wangu akaandika taarifa yake ya mwisho. Nimetafuta kilima kizima. Sikuona hata mmoja. Mchango ufungwe na kila mtu arudishiwe chake. Mtu ambaye hakuwahi kuzidisha kobe hata mmoja ili apendeze, aliandika sifuri iliyokuwa ya uongo, akaitia sahihi na jina lake lote la chuo.

Wale niliowaita ukoo walibadilika kama maziwa juani. Wachache walimpa pole. Wengi waliuliza mbona anakimbilia kufunga. Mmoja akaandika, huenda aliwauza mwenyewe, na neno hilo likapata miguu. Mwizi. Tapeli wa kobe. Walimtafutia mpaka picha zake za sherehe za chuo wakaulizana nguo ile alinunuliwa na nani. Yeye alisoma yote. Nilimwambia azime simu, akasema, "Ni haki yao, Bibi, wanajua nusu." Lakini alipofika kwa dereva wa malori alisimama. Hakumtukana. Aliandika: "Mimi nilikuamini." Alianza kumjibu, akafuta, akaanza tena, akafuta. Mpaka leo hajamjibu.

Chuoni walimwambia huwezi kusomea mnyama asiyekuwapo. Na lile ombi lake la ulinzi wa sheria likawekwa kando, maana sheria hailindi mawe matupu. Mjomba hatembelei tena hapa. Anatuma salamu na sabuni kwa mtu. Aliwahi kuniambia njiani, "Mpwa wangu ana roho ngumu, Mama. Picha moja tu ingetosha." Nikasema ndiyo, ana roho ngumu. Ningesema nini?

Sasa mjukuu wangu anafanya kazi katika ofisi ya maji mjini, anapima maji kwenye vichupa, analetewa, anapima, anaandika. Kilimani hapandi. Kupanda kwa mtu aliyesema hakuna kitu kungewafanya watu wajiulize anafuata nini. Akija kunitazama anakaa upande ule wa meza unaotazama barabara. Hata kama wamekufa huko ndani hatujui, na hata kama wamezaa hatujui.

Mwezi uliopita alikuja hapa msichana wa chuo kingine. Begi mgongoni, kofia, uso wote matumaini. Alikuwa amesoma ile taarifa ya sifuri na hakuiamini. "Dada, nyufa nyingine ni za kina," alisema. "Inawezekana wapo wachache. Nimeshafungua ukurasa wa mchango. Watu wameanza kutoa."

Nilimwona mjukuu wangu akimtazama yule binti jinsi mtu anavyotazama picha yake ya zamani. Nikadhani atamwambia. Naapa nilidhani atamvuta mkono, ampeleke nyuma ya nyumba, amwambie wapo, nenda, ila usiende.

"Nilitafuta kila ufa," akasema. "Walikwisha. Usipoteze pesa za watu."

"Hata kwa kujaribu tu?"

"Tafuta kilima kingine. Na ukikipata, usimpandishe mtu."

Msichana machozi yalimlengalenga. Alinigeukia mimi, kama wote wanavyofanya, wakidhani mzee hanyimi. "Bibi, wewe unaishi hapa. Hujawahi kumwona hata mmoja?"

Mjukuu wangu hakunitazama. Alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili.

Nikamwongezea yule mtoto chai, nikamtilia sukari, nikamwambia hakuna.